Juu Hakuna Kazi

Kisiwa chetu cha Mafia hakina mlima. Mtu anayetoka Kilindoni kwenda Utende hukutana na minazi, mikorosho na mchanga, na mwisho wa safari hujikuta usawa uleule wa bahari alioanzia. Mtoto wa Jibondo au wa Chole hulijifunza neno "mlima" kutoka kwenye ramani ya ukutani, kama anavyojifunza neno "jangwa". Hata mimi nilikuwa hivyo. Mlima wa kwanza kuuona kwa macho yangu ulikuwa Kilimanjaro, nilipopangiwa kufundisha katika chuo cha ualimu cha mkoa ule miaka ya 1970. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje na mswaki mdomoni nikautafuta mlima kwenye upeo wa macho, nisiuone. Mlinzi wa chuo akaniambia, "Mwalimu, inua shingo zaidi."

Nimeanza na habari hizi ili msomaji ajue kuwa uhakiki huu wa vitabu vya kupanda mlima unaandikwa na mtu wa pwani, ambaye shingo yake imechelewa kuinuka. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma, polepole kama wazee tusomavyo, maandishi ya watu walioufikia au kuupanda mlima ule. Nimeyafurahia mengi. Lakini nina deni moja ambalo lazima nilitaje kwanza, maana bila hilo nitaonekana kama hakimu anayewahukumu wenzake kwa kosa alilolifanya mwenyewe.

Mwaka 1979 niliwapa wanachuo wangu insha: "Safari ya Kupanda Mlima Kilimanjaro." Nilikuwa na jibu langu kichwani. Nilitaka msitu, kisha nyika, kisha mawe na barafu, na mwisho kilele na Mwenge wa Uhuru, ambao Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha juu Desemba 1961. Karibu wote waliniandikia hivyo, na karibu wote nikawapa alama nzuri, ingawa wengi wao hawakuwahi kufika hata kwenye geti la hifadhi. Mwanachuo mmoja, kijana wa upande wa Marangu, aliandika habari za baba yake, mpagazi. Aliandika juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, juu ya mzigo wa kuni na vyombo, juu ya midomo ya baba iliyopasuka kwa baridi, na juu ya kopo la jamu lililobaki nusu ambalo baba alilileta nyumbani na watoto wakagawana kwa kijiko. Akamalizia kwa kusema kwamba baba yake amefika Kibo mara nyingi zisizohesabika, lakini kilele hakijui.

Nilimpa alama 8 kati ya 20. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada. Kilele kiko wapi?"

Sasa tuvitazame vitabu.

Wa kwanza ni mmisionari Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kutoka upande wa Mombasa kwenda nchi ya Wachagga, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wa safari yake alikuwa mtu wa pwani aitwaye Bwana Kheri. Rebmann anaandika katika shajara yake kwamba alipomuuliza kiongozi weupe ule ni nini, jibu alilopata lilikuwa "baridi". Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika hivyo, na habari ikachapishwa Ulaya mwaka 1849. Huko London mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alimkatalia kwa miaka mingi. Mjadala ulikuja kutulia baada ya Baron von der Decken kufika mlimani mwaka 1861 na tena 1862, na safari ya pili kunyeshewa na theluji yenyewe.

Kisa hiki kinaposimuliwa, jibu la kiongozi huchekwa kidogo, kana kwamba mtu yule hakujua alitazamalo. Mimi kama mwalimu wa lugha nimelifikiria sana jibu lile. Maneno yetu "theluji" na "barafu" yote yalikuja kwa bahari, moja kutoka Uarabuni na jingine kutoka Uajemi. Mtu wa Mombasa wa mwaka 1848 hakuwa na sababu ya kuwa nayo mdomoni. Aliulizwa jina la kitu, akataja kile ambacho kitu hicho humfanyia mwili. Lilikuwa jibu sahihi la mtu anayejua atakayelala nje usiku. Rebmann ndiye aliyeingia katika historia kwa kuuona ule weupe, naye Bwana Kheri, aliyemfikisha mahali pa kuonea, amebaki na neno moja tu, "baridi". Hata hivyo tumshukuru Rebmann kwamba alilihifadhi. Waandishi wengi waliomfuata hawakuhifadhi hata moja.

Wa pili ni Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, aliyekuwa wa kwanza kuandika kwamba amekanyaga kilele. Kitabu chake kilitoka mwaka 1890, na tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1891. Kwa haki kabisa, ni kitabu kizuri. Meyer alikuwa mtu mwenye subira. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 aliingia tena bara pamoja na Oscar Baumann, wakakamatwa na watu wa Bushiri bin Salim katika vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, wakaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakaona kilele bado kiko mbele, wakarudi kambini. Tarehe 6 Oktoba wakakifikia. Ilikuwa siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Meyer anaeleza barafu kwa makini ya mtu anayepima. Anaeleza jinsi walivyochonga ngazi kwa shoka hatua kwa hatua, na pumzi ilivyokuwa ikikatika. Maelezo yake leo yana thamani ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuifikiria, kwa sababu sehemu kubwa ya barafu ile haipo tena: wanasayansi wamepima kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Anayetaka kujua babu zetu waliona nini wakitazama juu hana budi kumsoma Meyer.

Pia Meyer alifahamu siri ya ushindi wake, na hakuificha. Waliomtangulia walishindwa kwa sababu chakula kiliisha. Yeye alipanga kambi, moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kati ya kambi hizo na Marangu, kwa Mangi Marealle, wakileta chakula na kuni. Katika kambi ya juu, kwenye mita 4,000 na zaidi, alibaki na Wazungu wawili wale mtu mmoja tu wa pwani, kutoka Pangani. Meyer anamwandika Muini Amani, na sikio la mtu wa pwani linasikia humo "Mwinyi". Alipika, aliteka maji, aliota moto wa kuni chache, na Meyer anamsifu kwa uvumilivu wake.

Niliposoma habari za Mwinyi Amani kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje barazani. Pangani naijua. Ni mchanga na minazi kama huku kwetu. Nilijiuliza mtu yule alikuwa akifikiria nini tarehe 6 Oktoba, saa ambazo wenzake wawili walikuwa kileleni wakikipa kilele jina la Kaizari wao, naye amekaa peke yake kwenye mawe akilinda moto. Kitabu hakisemi. Kwa kurasa kadhaa simulizi linapanda na wawili, na aliyebaki kambini anatoweka kabisa hadi wanaporudi na njaa.

Hapa ndipo uhakiki wa kawaida hukomea. Husema: mwandishi amewasahau Waafrika, tuwarudishie majina yao. Na kazi hiyo imefanyika kwa kiasi fulani. Mwaka 1989, miaka 100 baada ya Meyer, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu aliheshimiwa kama mmoja wa waliomwongoza Mjerumani yule. Alikuwa mzee sana, akafariki mwaka 1996. Ni heshima iliyostahili. Lakini nadhani tatizo la vitabu hivi liko ndani zaidi ya majina. Liko katika umbo la hadithi yenyewe.

Hadithi ya kupanda mlima ina umbo moja. Inaanza chini, inapita taabu, inafika juu, na hapo imekwisha. Kushuka hupewa ukurasa mmoja au miwili. Ukilikubali umbo hilo, basi mtu ambaye kazi yake inaishia Kibo hawezi kuwa mhusika mkuu hata ukimtaja jina mara mia. Atakuwa daima mtu aliyebaki nyuma ya hadithi. Hata Mwenge wetu wa mwaka 1961, ambao ninauheshimu kwa moyo wote, tuliusimulia kwa umbo hilohilo, na ndilo nililowafundisha wanachuo wangu.

Tazama jinsi umbo hili lilivyo na nguvu. Mwaka 1936 Mmarekani Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi kuhusu theluji ya Kilimanjaro, maarufu duniani kote. Ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayepanda. Mwandishi aitwaye Harry analala kambini porini, mguu umeoza, anamgombeza mkewe na kukumbuka yote ambayo hakuyaandika. Amenishika sana, maana mzee yeyote mwenye kalamu ana orodha ya aina hiyo. Kijana anayemhudumia, Molo, anaitwa alete kinywaji, anakileta, anaondoka, hatuambiwi zaidi. Na mwisho wake ni nini? Ni kilele cheupe, ambacho Harry anaona katika ndoto ya kufa kwamba anapelekwa kwa ndege. Hata asiyepanda anapewa kilele. Molo, aliye macho na mzima wa afya, hapewi.

Je, kuna namna nyingine ya kusimulia? Ipo, na ni ya kwetu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, Mcomoro, aliyemtumikia Mjerumani Bumiller na kufuatana naye mwaka 1896 kupita Urusi na Siberia hadi milima ya Altai. Huyu ndiye Mwinyi Amani aliyepewa kalamu. Ni mtumishi, anaenda anakopelekwa, na milima anayoipita ni mirefu na ya baridi kuliko alivyowahi kuona. Lakini simulizi lake haliendi juu. Linakwenda mbele, kituo baada ya kituo: tulitoka hapa, tukafika pale, watu wa huko wanakula hivi, wanavaa hivi, wanatushangaa sisi kama tunavyowashangaa wao. Mlima kwake ni sehemu ya njia. Mwisho wa safari ni kurudi.

Lina upungufu wake, na sitauficha. Salim aliandika kwa kuombwa na Velten, na mara nyingi anapita haraka mahali ambapo msomaji wa leo angetamani akae. Anaeleza alichokiona, na mara chache anaeleza kilichomwingia moyoni. Meyer anamshinda kwa hilo, na Hemingway anawashinda wote wawili. Lakini katika umbo la Salim, mtu anayebeba na mtu anayebebewa wanafika mahali pamoja. Sisi wa visiwani tunalijua umbo hilo bila kufundishwa. Katika jahazi, nahodha aliyeshika usukani na kijana anayefua maji ngamani wanaingia Kilindoni saa ileile. Hakuna baharia anayeachwa nyuma ya mkondo ili nahodha akatie nanga peke yake.

Mwaka juzi nilimtafuta yule mwanachuo wangu wa 1979. Naye sasa ni mwalimu mstaafu. Nilipata namba yake kwa mtu aliyesoma naye, nikampigia, na baada ya salamu na kuulizana habari za wajukuu nikamwambia kilichonisumbua. Nilimwambia kwamba nilikosea kumpa alama 8.

Alicheka sana. Akasema, "Shikamoo tena, Mwalimu. Kumbe bado unasahihisha?"

Insha yenyewe aliikumbuka. Daftari lake, alisema, mama aliliwashia moto siku nyingi. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nalo tangu nilipomsoma Mwinyi Amani: je, baba yake alisikitika kwamba hakuwahi kufika kileleni? Nilikwisha kuandaa maneno ya kumpa pole.

Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza nilipokuwa mdogo. Alinijibu: juu hakuna kazi."

Sikuwa na la kusema. Kwa zaidi ya miaka 40 nilikuwa nikimhurumia mtu kwa kukosa kitu ambacho hakukitafuta. Hata toba yangu ilikuwa na kilele ndani yake. Nilidhani insha ya kijana yule ilikuwa nzuri kwa sababu ya ule mwisho wa kusikitisha, wa mtu aliyenyimwa ushindi. Yeye hakuuandika kwa masikitiko. Aliandika kwamba kazi ya baba ilianzia nyumbani na kuishia nyumbani, na kwamba mahali pa juu kabisa pa safari hiyo palikuwa lile kopo la jamu. Kilele kilikuwapo katika insha. Ni mimi niliyekitafuta kwingine.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila mpagazi anasema hivyo. Wako vijana wanaopanda na mizigo yao huku wakitamani siku moja waitwe viongozi, wafike Uhuru, kwenye mita 5,895, na wapige picha kama wageni wao. Na wako waliokwisha kufika. Wala sisemi kwamba maneno ya mzee yule yanahalalisha ujira mdogo. Kazi ile ni ngumu, na wenyewe mlimani hujiita "wagumu". Leo kuna mizani kwenye mageti na sheria kwamba mzigo usizidi kilo 20, na tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro kuhusu mavazi ya baridi na malipo ya haki. Mambo hayo hayakuja kwa kuombewa huruma. Yalikuja kwa kuwahesabu watu hao kuwa wafanyakazi. Nayo ni maana nyingine ya jibu la mzee: mimi niko hapa kazini.

Ninachosema kuhusu vitabu ni hiki. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu hupanda mlima ule, na lugha inayowapeleka na kuwarudisha ni Kiswahili. Neno "polepole" limejulikana duniani kutoka midomoni mwa wagumu. Lakini kitabu cha mlima, kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeubeba, mimi sijabahatika kukishika mkononi. Tunavyo vitabu vya waliofika juu. Tunakihitaji cha yule aliyefika Kibo mara zisizohesabika. Kitabu hicho hakitakuwa na safari moja yenye kilele kimoja. Kitakuwa na safari nyingi zinazofanana, na ndani yake tutajifunza tofauti kati ya mvua ya Aprili na mvua ya Novemba, kati ya mgeni anayesalimia na asiyesalimia, kati ya kilo 20 za asubuhi na kilo hizohizo saa tisa mchana. Kitamweleza Mwinyi Amani vizuri kuliko Meyer alivyoweza, maana atakayekiandika atajua saa za kungoja ni ndefu kiasi gani, na moto mdogo unalindwaje penye upepo.

Nilimwambia mwanafunzi wangu akiandike yeye. Alisema macho yamechoka, lakini mjukuu wake wa kike yuko sekondari na anapenda kuandika, atamsimulia. Nimemwomba mtoto huyo akimaliza sura ya kwanza anitumie huku Mafia. Nimemwahidi kwamba sitaisoma nikiwa na kalamu nyekundu.